Kuwakaribisha Ndege Nyumbani Tanga: Anza na Maji, Chakula Kije Mwisho

Mtu akitaka ndege waje nyumbani kwake, wazo la kwanza ni kuwamwagia mchele. Kwa Tanga hilo liwe wazo la mwisho. Hapa kwetu chakula cha ndege hakikosekani: kuna mpera wa jirani, ua la mgomba, viwavi kwenye majani ya mwembe, mbegu za nyasi kandokando ya barabara. Kinachowatesa ni kiu ya Januari na Februari, kukosa mahali pa kujificha, na kukosa amani kwa sababu ya kunguru, paka, manati na sumu ya panya. Kwa hiyo mwongozo huu una mpangilio wake: utatazama kwanza, utaweka maji, utapanda, utapunguza maadui, na chakula kitakuja baadaye kabisa, tena kidogo.

Wala huhitaji uwanja mkubwa kama ule wa nyumba za zamani za Raskazone. Nyumba ya Ngamiani yenye ua mdogo wa nyuma, mpapai mmoja na ndoo ya maji inatosha kuanzia.

Hatua ya 1: Wajue ulio nao tayari

Kabla ya kununua chochote, tenga asubuhi kadhaa ukae barazani na chai yako kuanzia saa 12 hadi saa 2. Jioni, kuanzia saa 10 hivi, wanatoka tena. Mchana wa jua kali wengi wamejificha, na ukitazama saa 7 utadhani mtaa mzima hauna ndege.

Wa kwanza kuamka ni shore. Mwili wake ni wa kahawia, kichwa cheusi chenye kishungi kidogo, na chini ya mkia ana manjano yanayoonekana akigeuka. Mfanye huyu kipimo chako. Ukiona ndege usiyemjua, jiulize kwanza: ni mkubwa kuliko shore au ni mdogo?

Mdogo kuliko shore, mwenye mdomo mwembamba uliopinda, anayetulia kwenye ua kwa sekunde chache kisha akatoweka, huyo ni chozi. Dume akipigwa na jua anang'aa kijani, zambarau au wekundu kifuani kutegemea aina yake, ila jike ni wa rangi iliyofifia na watu wengi hudhani ni ndege mwingine kabisa. Wa manjano wanaopiga kelele kwenye mnazi na kuchana makuti ni mnana. Tetere utawaona wakitembea chini, shingoni wana ukanda mweusi kwa nyuma. Pugi ni mdogo zaidi na utamsikia kabla ya kumwona: anaanza kulia kwa kusitasita, kisha anaharakisha huku sauti ikishuka mpaka inakatika. Kuzumburu ana mkia mrefu kupita mwili, na hupita ndani ya matawi kama panya, kwa makundi, hasa papai likianza kuiva. Tipitipi, ambaye wengine humwita dudumizi, ni mzito, ana mabawa ya rangi ya kutu, na hupenda vichaka. Wazee husema akilia mvua iko karibu, na kweli hulia sana majira ya mvua.

Mlamba nataka umjue vizuri kwa sababu tutamhitaji huko mbele. Ni mweusi tititi, macho mekundu, ncha ya mkia imegawanyika pande mbili, na hukaa mahali pa wazi: kwenye waya wa umeme, juu ya nguzo, kwenye tawi kavu. Akiona mdudu anaruka, anamdaka hewani na kurudi palepale.

Uwe na daftari. Andika tarehe, saa, ndege alikuwa anafanya nini na kwenye mti gani. Kama hujui jina, andika umbo la mdomo na rangi ya sehemu mbili tatu, halafu muulize bibi au babu. Wadigo, Wabondei na Wasambaa wana majina yao ya ndege hawa, na yafaa kuyaandika yote. Darubini si lazima, ila ukipata fedha chagua iliyoandikwa 8x42. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na hiyo inatoa picha angavu hata alfajiri. Kwenye simu kuna programu ya bure iitwayo Merlin inayosaidia kumtambua ndege kwa picha au kwa maelezo ya rangi na ukubwa wake.

Hatua ya 2: Weka maji

Ukifanya jambo moja tu katika mwongozo huu, lifanye hili. Masika yakishapita na kusi kukausha madimbwi, na zaidi sana kaskazi linapopuliza Januari mpaka mvua za Machi, sahani ya maji huleta ndege ambao mchele hautawaleta kamwe. Wanaokula mbegu, wanaokula matunda, wanaokula wadudu, wote hunywa na wote huoga.

Chombo kiwe kipana na kifupi. Kifuniko cha chungu kikubwa kinafaa sana, au sinia la zamani, au bakuli la udongo lililopasuka ukingo. Maji yasizidi kina cha sentimita 5 katikati, na pembeni yawe sentimita moja au mbili tu, kwa sababu ndege mdogo haingii mahali asipogusa chini. Chombo kikiwa cha plastiki au alumini kinateleza. Weka ndani mawe machache. Jiwe la matumbawe, lile la kujengea nyumba zetu za zamani, linafaa kuliko yote kwa kuwa ni la mparuzo na miguu inashika.

Mahali pa kukiweka ndipo wengi hukosea. Ukikibandika kichakani kabisa, paka atavizia humohumo. Ukikiweka katikati ya uwanja mtupu, ndege aliyelowa hana pa kukimbilia kipanga akitokea. Kiweke kivulini, mita mbili au tatu kutoka kwenye kichaka au mti wa karibu, na kama nyumbani kuna paka kiinue juu ya tofali au gogo refu kiasi cha kiuno.

Sasa mbu. Jirani atakuuliza, na ana haki ya kuuliza, maana dengue si jambo la mchezo katika miji ya pwani. Mbu anayeeneza dengue hutaga kwenye vyombo vidogo vya maji safi, na mayai yake huyagandisha ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji. Ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakutoshi. Kila asubuhi mwaga, sugua kuta kwa brashi au kifuu, suuza, weka maji mapya. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka huchukua yapata wiki moja hadi siku kumi kwenye joto letu, hivyo anayebadili maji kila siku hafugi mbu. Usitie sabuni, chumvi wala dawa. Ukisafiri, pindua chombo kifudifudi mpaka urudi.

Ukitaka waje upesi, ninginiza juu ya sahani chupa ya plastiki iliyotobolewa kwa sindano, maji yawe yanadondoka tone moja moja. Mlio na mng'aro wa tone huwavuta kuliko maji yaliyotulia. Chozi hawapendi sana sahani. Wao huoga kwenye majani yaliyolowa. Ukimwagilia bustani jioni, nyunyizia na majani ya mgomba au ya mstafeli, halafu sogea kando utazame wanavyojisugua humo.

Usikate tamaa siku za mwanzo zikipita kimya. Wakishaanza kuja, watazame wanavyokunywa. Shore anachota tone, anainua kichwa na kulimeza, anainama tena. Tetere hafanyi hivyo: anazamisha mdomo na kufyonza moja kwa moja bila kuinua kichwa mpaka akate kiu. Njiwa wote wana uwezo huu, na ndege wengi hawana.

Hatua ya 3: Panda, na acha kufyeka kila kitu

Bustani ya maua ya kigeni na nyasi zilizokatwa kama zulia inapendeza macho ya wageni, lakini kwa ndege ni jangwa. Wanachohitaji ni ghorofa tatu: miti, vichaka, na mimea ya chini yenye takataka za majani.

Kwa miti ya matunda, anza na mpapai na mpera kwa sababu huzaa mapema. Mforosadi nao huzaa haraka na shore humalizia tunda lote la juu. Mzambarau ni hazina, ila ni mti mkubwa na matunda yake huchafua. Upande mbali na kamba ya nguo na mbali na ukuta. Mkuyu huita ndege kuliko mti wowote, hata hondohondo na ninga huja, lakini mizizi yake haina simile, kwa hiyo usiupande karibu na nyumba wala shimo la choo. Kubaliana na wa nyumbani mapema: mapapai ya juu kabisa ni ya ndege, ya chini ni yetu. Ukitaka kuliokoa papai fulani, lifunge kwa kiroba likiwa bado la kijani, acha mengine.

Kwa chozi, usihangaike na maua ya gharama. Mgomba ukitoa ua, kila ganda la zambarau linalofunguka lina nekta, na chozi huja kila asubuhi mpaka mkungu ukomae. Basi usilikate ua la chini mapema. Mlonge huchanua mara nyingi kwa mwaka na unakuletea mboga pia. Mshubiri unafaa kwenye udongo mkavu wa pwani na hauhitaji kumwagiliwa. Na sisi watu wa Tanga tuna mkonge: ukiwa na mche mmoja kwenye kona, uache utoe mlingoti, kwa sababu maua yake juu kule huwa karamu.

Uzio wa michongoma ni bora kuliko ukuta wa tofali, nasema hivi bila kusitasita. Miiba yake inamzuia paka na kunguru asifikie kiota, matunda yake huliwa na ndege na watoto, na mwizi haupiti kirahisi. Kama ukuta umeshajengwa, panda chochote chenye kutambaa juu yake.

Kuhusu nyasi, najua hofu ya nyoka, na ni hofu ya haki. Kata fupi kabisa kuzunguka nyumba na njia ya choo. Lakini kwenye kona ya mbali, kando ya uzio, acha ukanda mwembamba wa nyasi ziote hadi zitoe mbegu. Wale ndege wadogo wa kahawia wenye kichwa cheusi na tumbo jeupe, wanaoruka kwa kundi zima mara moja, watakuja kuning'inia kwenye mabua. Majani makavu yafagilie chini ya mwembe badala ya kuyachoma. Humo mna wadudu, na kila kifaranga cha ndege wa bustani karibu hulelewa kwa wadudu na buibui, hata cha chozi mla nekta.

Kupogoa miti kufanyike kabla ya masika. Mvua zikishaanza Machi, ndege wengi wanajenga. Kama ni lazima kukata tawi Aprili, panda kwanza utazame. Mwambie na mkwezi kabla hajapanda mnazi: makuti makavu yanayoning'inia ndiyo nyumba ya teleka wa minazi, ambaye hugandisha manyoya na hata mayai yake kwenye jani kwa mate yake mwenyewe. Kuti lililo juu ya njia ya watu liondolewe. Lililo kando liachwe.

Hatua ya 4: Kunguru

Hapa lazima tuseme wazi. Kunguru mwenye shingo ya kijivu anayejaa kwenye majalala na soko la samaki si mwenyeji wetu. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili ale takataka za mji, akaongezeka, akavuka bahari na kuenea pwani yote. Anakula mayai na makinda ya ndege wengine, na anafanya kazi hiyo kwa akili: anamfuatilia mzazi mpaka ajue kiota kilipo. Mtaa wenye kunguru wengi huwa na chozi na shore wachache. Kunguru wa asili ni yule mwenye weupe kifuani na shingoni. Huyo mwache, usimchanganye.

Huwezi kuwamaliza kunguru peke yako, na usijaribu kutega sumu. Sumu itaua mbwa, kuku wa jirani, na mwewe atakayeokota mzoga. Unachoweza ni kuwanyima sababu ya kuja:

- Utumbo na magamba ya samaki yafukie, usiyatupe uani.
- Ndoo ya taka iwe na mfuniko, na uwekewe jiwe.
- Vifaranga wa kuku wawe kwenye tenga mpaka wakue. Kunguru akishazoea kuokota kifaranga uani kwako hatoki.
- Sufuria zenye mabaki zisilale nje.
- Ukiwaona hawa wa shingo ya kijivu wanaanza kupanga vijiti na nyaya kwenye mti wako, viangushe kabla hawajataga. Ukirudia mara kadhaa watahamia kwingine.

Mshirika wako mkubwa ni mlamba. Ndege huyu mwepesi humfukuza kunguru, mwewe hata kipanga, akimpiga mgongoni angani mpaka ahame eneo. Ndege wengine hujenga karibu na mlamba kwa kuwa wanapata ulinzi bure. Mwachie tawi moja kavu la juu kwenye mwembe, au simika mti mrefu wa mvinje kwenye kona, awe na mnara wake.

Hatua ya 5: Paka, manati, sumu, vioo

Paka aliyeshiba bado anawinda. Mfungie ndani alfajiri na magharibi, saa ambazo ndege wako chini. Zunguka shina la mti wenye kiota kwa kipande cha bati laini, upana wa nusu mita, asiweze kupanda.

Sumu ya panya ya dukani haiishii kwa panya. Panya aliyekula sumu hutembea kizembe usiku, bundi anamdaka kwa urahisi, na sumu inaendelea kwa bundi. Tumia mtego wa kubana. Dawa za kupulizia wadudu nazo zipunguze. Ukipuliza mchicha wote, umewanyima makinda chakula na pengine umewapa sumu. Sabuni ya kipande iliyoyeyushwa kwenye maji inatosha kwa vidukari.

Manati ni suala la mtaa, si la nyumba moja. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda au kukamata wanyamapori bila kibali, na ndege wamo, iwe kwa manati, kwa ulimbo au kwa tundu. Lakini ukimtisha mtoto kwa sheria, atahamia mtaa wa pili. Mimi nimeona matokeo kwa kuwapa kazi. Wapwa zangu wa mtaani walikuja na manati shingoni wakaniamkia, "Shikamoo, mjomba." Nikaitikia marahaba, nikawaonyesha kiota cha chozi kilichoning'inia kwenye waya wa balbu barazani: mfuko mdogo uliofumwa kwa nyasi na utando wa buibui, mlango ubavuni, na juu ya mlango kijibaraza kidogo cha kuzuia mvua. Jike alikuwa ndani, mdomo wake tu ndio unaonekana. Mmoja akanong'ona, "Mjomba, kumbe ana baraza na yeye!" Tangu hapo wao ndio walinzi. Wanakuja kuniambia nani kataga wapi kabla sijajua mwenyewe.

Vioo ni jambo jepesi. Ndege dume akiona sura yake kwenye kioo cha dirisha au cha pikipiki, hudhani ni mpinzani na hupigana nacho hadi achoke. Tundika kanga kwa nje wiki chache, au funika kioo cha pikipiki kwa soksi. Kioo kikubwa kinachoonyesha mti na anga kipakwe mistari ya chokaa, kwa sababu ndege hukigonga akidhani ni njia.

Hatua ya 6: Viota, na habari ya bundi

Mnana wakichagua mnazi wako, umepata tamthilia. Dume anachana ukanda mwembamba wa kuti bichi, anafunga kitanzi kwenye ncha, anasimama ndani ya kitanzi hicho na kufuma pande zote kwa kadiri mdomo unavyofika. Kiota kikiwa bado kibichi ananing'inia mlangoni kichwa chini na kupiga mabawa. Jike anakuja, anaingia, anavutavuta nyuzi kupima kama zinashika. Asiporidhika anaondoka, na kiota kikikauka bila kupata mwenyewe, dume hukibomoa na kuanza upya. Kweli mnana wanachana makuti na mnazi wenye kundi kubwa hudhoofika. Kama una mnazi mmoja tu na unautegemea, wahi kuondoa nyuzi za mwanzo kabla ya mayai. Kama unayo mingi, wape mmoja.

Unaweza kusaidia kwa malighafi. Fungia kwenye uzio manyoya ya kuku na nyuzi za mkonge, ila zikate fupi, zisizidi sentimita 10, kwa sababu uzi mrefu hunasa mguu wa kinda. Kwa sababu hiyohiyo okota kila kipande cha nailoni na mshipi wa kuvulia kilichotupwa uani.

Ukikuta kinda chini, tazama manyoya. Kama yuko uchi au ana vinyweleo tu, mrudishe kiotani. Wazazi hawatamkataa eti kwa sababu umemshika. Kiota kikiwa kimeanguka, kiweke ndani ya kikapu kidogo ukifunge palepale kwenye tawi. Kama ana manyoya kamili na mkia mfupi, huyo anajifunza kuruka, wazazi wako juu wanamtazama. Mfungie paka, ondoka. Kumpeleka ndani na kumlisha ugali ni kumuua.

Bundi. Wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba akitua juu ya bati analeta uchuro, na wengine humpiga mawe usiku huohuo. Naomba umwache. Bundi mweupe anayeishi darini hula panya, usiku baada ya usiku, na akiwa na makinda anawinda mara nyingi zaidi. Okota vile vidonge vya kijivu anavyovitema chini ya mahali anapolala, vilowanishe, vipasue kwa kijiti: utakuta mafuvu na mifupa ya panya, mara nyingine zaidi ya mmoja kwenye kidonge kimoja. Mwonyeshe jirani mafuvu hayo. Yamewabadilisha watu ambao maneno yangu hayakuwabadilisha. Kelele za makinda ya bundi darini ni kero, sikatai, lakini hudumu wiki chache na huwezi kununua mtego unaofanya kazi hiyo.

Hatua ya 7: Chakula, kama bado unataka

Simika ubao juu ya mti wa mita moja na nusu, uwe na matundu ya kupitisha maji. Mbegu ziwe konzi moja asubuhi: mtama, uwele au chenga za mchele. Kilichobaki saa 4 kiondoe, maana kikilala kinaita panya. Juu ya ubao tengeneza kizimba cha waya wenye matundu ya sentimita 5, ndege wadogo wapite na kunguru abaki nje. Bila kizimba hicho, ubao wa chakula Tanga ni ubao wa kunguru.

Papai lililoiva likate nusu, lichomeke kwenye msumari tawini. Ndizi mbivu vilevile. Machicha ya nazi wanayapenda, ila kwa joto letu huchacha upesi, kwa hiyo weka kidogo na uyaondoe baada ya saa moja au mbili. Usiweke chochote chenye chumvi. Mahindi au karanga zenye ukungu zisiende kwa ndege, kama zisivyopaswa kwenda kwa mtu wala kwa kuku: sumukuvu inaua wote. Kuhusu maji ya sukari kwa chozi, kipimo ni sehemu moja ya sukari kwa nne za maji, bila asali na bila rangi, na yabadilishwe kila siku. Mimi nashauri mgomba badala yake.

Ubao usuguliwe kila wiki. Ukiwa na kuku, ubao uwe mbali na banda na kuku wapate chanjo ya kideri kwa ratiba ya afisa mifugo, kwa sababu ndege wa porini na kuku huambukizana. Ukikuta ndege kadhaa wamekufa kwa pamoja, usiwashike kwa mikono mitupu. Simamisha kulisha, wazuie watoto, na mwite afisa mifugo.

Hatua ya 8: Fuata majira

Mbayuwayu kutoka Ulaya na Asia huanza kujaa kwenye nyaya kuanzia Septemba na Oktoba, na hupungua Aprili. Keremkerem wa kigeni nao hupita kipindi hicho, juu, wakiitana. Mvua za kwanza za vuli zikitoa kumbikumbi, zima taa za nje alfajiri na utazame karamu: mlamba, shore, mnana, hata kuku, wote wanadaka.

Masikio nayo yafunze. Shore na wenzake wakikusanyika sehemu moja na kupiga kelele za ukali bila kuondoka, nenda utazame kwa uangalifu. Aghalabu ni nyoka mtini, paka, au bundi aliyelala. Watu wa shamba wamekuwa wakitumia onyo hili tangu zamani, na kwa nyumba yenye watoto wadogo lina thamani kubwa.

Ukishawazoea wa nyumbani, panda gari hadi Muheza kisha Amani, kwenye msitu wa asili wa Usambara Mashariki. Bustani ya miti ya pale ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na humo utaona ndege wasioshuka mjini. Kuna hata chozi aliyepewa jina la Amani.

Kumbukumbu zako zisiozee daftarini. Tovuti ya eBird hupokea orodha kutoka kwa mtu yeyote bila malipo: weka mahali, saa uliyoanza, muda uliotazama na idadi. Orodha ya nusu saa uani Makorora au Chumbageni ina faida kuliko unavyodhani, kwani watazamaji wengi huenda mbugani na kuziacha nyumba zetu. Na ukimkuta ndege, hai au mfu, mwenye pete ya chuma mguuni, usiivute. Soma herufi na namba zote kwa mpangilio wake, piga picha, andika tarehe na mahali, kisha tuma kwa anwani iliyochongwa kwenye pete yenyewe. Watafiti waliomvisha pete hiyo watakujibu alivishwa wapi na lini.